Malalamiko ya Kutanguliwa Njiani na Maturubai ya Pinki

Majidi Uwesu na Mkewe,
Wakodishaji wa Maturubai, Viti, Majamvi na Masufuria,
Ng'ambo, Tabora.

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Kupanga Nani Atangulie,
Mtambo wa Kutafutia Vitu Mtandaoni,
Huko uliko.

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Kama wewe si wa upande wetu, basi habari za kazi, na za nyumbani pia. Umri wako siujui, kwa hiyo kama umenizidi, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, nimeshaipokea, usisumbuke kuiandika. Natumaini afya ni njema, wewe na wote unaofanya nao kazi, na kwamba mtambo nao unapata muda wa kupumzika. Sisi huku hatujambo, Mungu anatusitiri. Mvua imekuwa ya kusuasua, mahindi ya Itetemia yamesimama kama yanafikiria jambo. Goti la mke wangu Batuli limepata nafuu tangu nianze kulichua kwa mafuta ya nyonyo. Yaliyobaki ndiyo haya yaliyonifanya nishike kalamu.

YAH: KUPOTEZA NAFASI YETU YA KWANZA BAADA YA KUTENGENEZA TOVUTI UPYA, PAMOJA NA DAI LA MBUZI

Mimi nakodisha maturubai. Mtu akifiwa, au akiwa na harusi, anahitaji kivuli, mahali pa kukalisha watu na sufuria la kupikia, na vyote hivyo vipo kwangu. Kazi hii tuliianza mimi na Batuli kwa turubai moja la kijani tulilokuwa tukilibeba kwa baiskeli. Binti yetu Yasmini alipoolewa na Twalibu, ambaye kazi yake ni kompyuta, huyo mkwe wetu alituletea zawadi ya tovuti juu ya mahari. Wengine huleta blanketi. Tovuti yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, na kila kitu kina ukurasa wake: maturubai ya msiba, viti vya harusi, masufuria ya pilau, majamvi ya maulidi. Lakini mtu yeyote akiandika kwenye simu yake "turubai la msiba Tabora", wewe ulimletea sisi, juu kabisa, kabla ya mwingine yeyote. Miaka yote hiyo sikuwahi kukuandikia kukushukuru. Nakushukuru sasa, usije ukasema nimekuja na lawama tupu.

Mwaka huu Twalibu akaja akasema, kwa adabu yake, "Baba, tovuti imechakaa, niruhusu niifumue." Nikamruhusu. Akaifumua, akaifuma upya. Akaweka picha zinazotembea zenyewe. Kurasa za zamani akazitoa, anwani zake zikafa, na vitu vyote akavikusanya kwenye ukurasa mmoja unaoitwa "Tunatunza Matukio Yako". Neno msiba akaliondoa kwa sababu linahuzunisha. Neno sufuria akaliondoa kwa sababu, alisema, halina mvuto. Haukupita muda nikaandika "turubai la msiba Tabora" nione tulivyopendeza, na aliyetokea juu ni Asmahani.

Asmahani ni mjane, yuko mtaa wa pili kutoka kwetu, naye anakodisha maturubai. Ni mtu mzuri, swala haimpiti. Maturubai yake ni ya pinki.

Utaniuliza kwa nini simgombezi Twalibu. Mheshimiwa, yule ni mkwe. Akija nyumbani mimi huhamia kiti cha pembeni ili tusitazamane usoni, na yeye hata awe na njaa ya kutwa nzima lazima aseme ameshiba. Nitamgombezaje mtu wa namna hiyo? Aliposikia kwa Yasmini kwamba nimesononeka, alifanya kazi wiki nzima. Akarudisha msiba na sufuria mahali pake, na kwenye kila anwani ya zamani akaweka kama kibao cha kumwelekeza mgeni ukurasa mpya ulipo. Kisha akaja kuniambia, "Baba, mambo yameshakaa sawa, tumerudi juu." Nikamshukuru, nikamtilia chai. Lakini mkwe hawezi kumpa baba mkwe habari mbaya, kwa hiyo na habari zake njema siwezi kuzihesabu. Nikiangalia simu yangu, Asmahani yuko palepale. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ambaye hatuna ukwe wala undugu, tuambiane bila kuoneana haya.

Na ujue kwamba jambo hili kwangu si la mchezo. Batuli amesema Ramadhani inayokuja ikiisha, na ule mwezi unaofuata, Mfungo Mosi, ukiandama bila simu yetu kuita, maturubai yote tunamuuzia Asmahani na mimi nitafute shughuli nyingine. Mfungo Mosi ndio mwezi wetu wa harusi, na watu huanza kukodi mapema. Simu haiiti. Naiangalia kutwa nzima, haiiti. Mimi kazi nyingine siijui, na mgongo wangu umeshakaa mkao wa kubeba nguzo za turubai.

Malalamiko yangu nayapanga kama ifuatavyo.

1. Hukubisha hodi sawasawa. Dini yetu inamfundisha mgeni apige hodi mara tatu, kwa utulivu. Mtambo wako ulikuja kwenye kurasa zetu za zamani, ukakuta mlango umefungwa, ukaondoka kwenda kuandika kwamba hatupo. Huku Ng'ambo mtu akikuta mlango umefungwa huuliza kwa jirani, na jirani atamwambia, "Wamehamia chumba cha uani, zunguka huku, utamsikia mzee anakohoa." Sisi hatukufa. Tulihamia chumba cha pili ndani ya nyumba ileile. Kuuliza tu ndiko kulikokushinda.

2. Umetusahau kwa kubadili nguo. Mjini tuna muuza vifaa anaitwa Fakhrudin. Mimi nikiingia dukani kwake, kabla sijafungua mdomo ameshateremsha kamba ya manila. Idi iliyopita nilipita pale nimevaa kanzu mpya, nimepaka manukato, hata miwani ilikuwa mipya. Fakhrudin hakuniuliza mimi ni nani. Aliniuliza kamba nataka nene au nyembamba. Huyo ni mtu mmoja, mwenye duka moja na kisukari. Wewe unaambiwa una mitambo inayojaza majumba, na tumefahamiana miaka, halafu tumebadili rangi na picha tu, ukatutazama kama wageni waliokosea msiba.

3. Kutanguliwa. Hili ndilo kubwa, naomba ulisome umekaa.

Babu yake babu yangu alikuwa kirangozi. Kama hamlijui neno hilo huko, kirangozi ndiye aliyetembea mbele ya msafara na bendera, kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, wapagazi na mizigo yao nyuma yake. Kama tulivyosimuliwa nyumbani, ilikuwa sheria: hakuna anayemtangulia kirangozi njiani. Awe mpagazi, awe mwenye mali mwenyewe, akimpita alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake uwe ushahidi, na wakifika kambini alitozwa faini kabla hajaukomboa. Kwetu faini hiyo inajulikana kuwa ni mbuzi. Sijasikia popote, msikitini, serikalini wala redioni, kwamba sheria hiyo imefutwa.

Sasa mimi nilikuwa mbele na Asmahani amenipita. Kwa kuwa hana mshale, nimechomoa kiti. Ni kiti cha plastiki, kina alama yake ya rangi nyekundu chini ya kalio, kilichanganyika na vya kwangu kwenye hitima moja tuliyoihudumia pamoja. Badala ya kukirudisha kama ilivyo kawaida yetu wakodishaji, nimekiweka stoo kama ushahidi. Nimekifunika kisipigwe vumbi, na hakuna anayekikalia.

Lakini baada ya kutafakari, na kuswali rakaa mbili za kuomba muongozo, nimeona kwamba Asmahani hana hatia. Hakunipita kwa miguu yake. Wewe ndiye uliyemshika mkono ukampitisha. Kwa hiyo mbuzi ni wako. Awe beberu, mzima, asiye na kilema, kama wa kuchinja Idi. Ukiona kumsafirisha ni taabu, unaweza kuagiza mtu akakununulia hukuhuku mnadani, sisi hatutahesabu kwamba hukumleta mwenyewe.

4. Msiba wa Sikonge. Renatus ni mrina asali wa Sikonge, mtu mpole, tunafahamiana tangu alipoanza kuja kuuza asali yake hapa mjini. Alifiwa na baba yake. Akatafuta turubai kwenye simu, na mwisho wa safari yake ya kutafuta akaishia kwa Asmahani. Kilichopakiwa kwenye gari ni yale ya pinki, taa za kumetameta, na lile pazia la mbele lenye maandishi KARIBUNI BWANA NA BIBI HARUSI, ambalo limeshonewa humohumo na halitoki.

Mimi nilikwenda kuzika, kwa hiyo sisimuliwi. Padri aliendesha ibada chini ya maandishi hayo. Jeneza liliwekwa palipoinuliwa, penye zulia jekundu, na pembeni yake kulikuwa na kile kiti kikubwa cha bibi harusi chenye mbawa. Mjane alipotoka ndani anasaidiwa kutembea, msimamizi wa viti, kwa mazoea ya kazi, akamwelekeza akae hapo. Akakaa. Mwanzoni wazee walikuwa wameinama kwa huzuni. Baadaye mmoja mmoja akaanza kuinua shingo kutazama taa. Watu walipokuwa wanakula, shangazi wa marehemu akasema, tena bila kunong'ona, "Mimi siku yangu mniwekee hizihizi. Lile la kijani la Majidi ukikaa ndani unajiona kama uko kwenye ghala la tumbaku." Mwenzake akamjibu, "Tumbaku ina nafuu, huwa inakauka." Nilikuwa nyuma yao na sahani yangu ya wali. Sikumaliza.

Tafakari hapo, Mheshimiwa. Desturi ya kuomboleza ya mkoa mzima inageuka kwa sababu wewe umempandisha mtu nafasi moja.

5. Kwa upande wangu nimefanya kila linalowezekana. Nikitoka swala ya alfajiri naandika "turubai la msiba Tabora". Nikitoka adhuhuri naandika tena, na alasiri hivyohivyo. Nimewaomba waumini wenzangu nao waandike, mmoja baada ya mwingine, kwenye simu yangu hiihii, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyodhulumiwa na bando ni langu. Wote wamemwona Asmahani. Mmoja akaniuliza kama nampigia kampeni.

Na ili nisimwonee mtu, kila siku namfungua Asmahani na kusoma ukurasa wake toka juu mpaka chini, kutafuta ana kitu gani ambacho sisi hatuna. Sijakiona. Kesho yake namfungua tena, huenda nilipitiwa. Juzi Batuli aliniuliza, "Baba Yasmini, ulioa mke au ulioa simu?" Nikamjibu kwamba naipigania nyumba yetu. Akasema nyumba ina nyufa jikoni, na nyufa hizo hazipo kwenye simu, nikitaka kuzipigania nije na saruji.

6. Kipimo chenu cha kupanga. Niliuliza mnampangaje wa kwanza na wa mwisho, nikaambiwa ni siri. Siri kwenye mambo ya kutanguliza watu huleta mafarakano. Hata kwenye shughuli, tukificha utaratibu wa kugawa ubwabwa watu huvunjiana viti. Napendekeza kipimo cha wazi, nacho ni hiki: aliyefika njiani kwanza ndiye atangulie.

Kwa kipimo hicho hesabu inajipanga yenyewe. Misafara ya Ujiji ilipumzika Tabora, ya pwani ilipumzika Tabora, na mtu aliyechoka anahitaji kivuli, kwa hiyo biashara ya kivuli ni yetu tangu hapo. Ina maana Tabora itangulie mikoa yote. Ndani ya Tabora itangulie Ng'ambo, na ndani ya Ng'ambo nitangulie mimi, kwa ajili ya yule babu mwenye bendera. Halafu kumbuka kwamba mizigo ile haikuishia pwani. Ilivuka maji ikaenda mpaka Bombay na London, na watu wa huko wakaendelea na biashara iliyofikishwa kwao kwa mguu wa mtu wa kwetu. Wao ni mkia wa msafara uleule. Kwa hiyo mtu wa London akifiwa na akaandika "turubai", ni haki yake kuonyeshwa sisi kwanza, na hao wa kwao wafuate nyuma kwa umbali wa adabu. Habari ya usafiri tutaelewana na mfiwa. Asiwe na wasiwasi na masufuria, tutakuja nayo.

7. Hili ni dogo. Picha zinazotembea zinamuumiza Batuli macho. Najua si kosa lako, nimeliweka humu nisije nikalisahau.

Baada ya hayo, maombi yangu si mengi. Mbuzi nimeshamtaja. Naomba pia umtume mtu wako aje nimtembeze kwenye tovuti mpya ukurasa kwa ukurasa, kisha aje ayaone maturubai yenyewe. Atalala kwetu, na kama hali pilipili aseme mapema. Tatu, toeni agizo kwamba kila mwenye biashara anayetengeneza tovuti yake upya aache mtu mzima kwenye mlango wa zamani, kama shangazi anavyobakizwa kwenye nyumba ya zamani wakati wengine wanahamia mpya, akae pale na mkeka wake awaelekeze wageni mpaka watakapozoea. Na maneno ambayo watu wanayajua, kama msiba na sufuria, yasiguswe na mkwe yeyote. La mwisho, Asmahani asogezwe ukurasa wa pili mpaka Mfungo Mosi uishe. Afanyiwe hivyo kwa upole, na asiambiwe, maana akijua ataumia na mimi sitaki aumie.

Nisalimie wakubwa zako na wadogo zako, wanaoingia zamu ya asubuhi na wanaowapokea, walinzi wa getini, na mama anayewapikia chai. Mtambo nao uambie hatuna kinyongo nao, tunajua unatumwa. Yasmini anasalimia. Batuli anasalimia, ingawa hajui ni nani anamsalimia. Twalibu sikumwambia. Fakhrudin anasema mkiwa na shida ya kamba, ipo.

Ni mimi ninayesubiri kurudishwa mbele ya msafara,

Majidi Uwesu
Ng'ambo, Tabora

Tanbihi. Barua hii nilikuwa nimeshaikunja ndipo Batuli akaniomba simu ampigie dada yake wa Itetemia, kwa kuwa yake haikuwa na salio. Akaishika, akaigeuzageuza, akaniuliza kwa nini nimezuia simu zisiingie. Nikamweleza kwamba mtu akipiga wakati natafuta, kutafuta kunakatika, kwa hiyo nilizizuia mwanzoni kabisa mwa mgogoro huu ili nifanye kazi kwa utulivu. Akazifungulia.

Ujumbe wa waliotupigia tukawa hatupatikani ukaanza kumiminika mpaka simu ikapata moto, akailaza kwenye sinia. Wa harusi, wa maulidi, wa hitima. Na Renatus wa Sikonge, ambaye asubuhi ile ya msiba alitupigia sisi, akarudia, akarudia tena, ndipo akampigia Asmahani. Batuli akaenda kuazima simu ya jirani, akaandika yaleyale ninayoandika mimi. Tukatokea sisi, juu kabisa. Twalibu alikuwa anasema kweli.

Tukampigia Yasmini atueleze, sauti tumeifungulia. Akasema, mama yake akiwa palepale, "Baba, simu inajifunza mtu anapenda nini halafu inamletea hicho. Wewe kila siku unamfungua Bi Asmahani. Ikajua unamtaka Bi Asmahani."

Kwa hiyo malalamiko yangu yote, toka la kwanza mpaka la saba, naomba yafutwe, na mbuzi usimlete. Maturubai hayauzwi, Batuli amekaa na simu ileile na ameshayakodisha yote mpaka mwisho wa Mfungo Mosi, na la kijani ndilo lililotangulia kuchukuliwa. Limebaki jambo jingine. Kwenye ukurasa wa Asmahani kuna picha yake mwenyewe, amesimama mbele ya turubai, amevaa mtandio wa samawati. Batuli alipofungua simu alikuta picha hiyo ndiyo iliyopo, tena imekuzwa. Mheshimiwa, nilikuwa naangalia pindo la turubai lililo nyuma ya bega lake la kushoto, namna walivyolishona lisivuje. Nimemweleza Batuli hivyo, na nimemwapia. Chakula napewa, lakini kinawekwa mezani bila neno, na lile goti ambalo huwa namchua mimi sasa anajichua mwenyewe.

Wewe peke yako ndiye uliyekuwepo kila siku nilipokuwa naandika, na unajua kwamba sikuwahi kuandika jina la mtu, nimeandika turubai tu. Nakuomba uliweke hilo kwenye karatasi yenye muhuri wa kampuni, kwa jina la Bi Batuli, ukieleza pia habari ya pindo. Naomba unijibu mapema.

M.U.